Ndege Ina Hati, Redio Haina

Cessna 172 ya miaka ya 1970 iliyotunzwa vizuri huuzwa Marekani kwa kati ya dola 60,000 na 120,000, ikitegemea injini imebakiza saa ngapi kabla ya kufunguliwa na kutengenezwa upya. Mwenye ndege hiyo akitaka vyombo vya kisasa, skrini moja ya Garmin GTN 750Xi humtoka zaidi ya dola 15,000 hata kabla fundi hajagusa waya. Akiongeza transponda mpya ya kuijibu rada, otopailoti na skrini ndogo mbili za kumwonyesha mlalo wa ndege na mwinuko, ameshafika dola 50,000. Wapo wamiliki waliotumia kwenye dashibodi fedha nyingi kuliko walizonunulia ndege yenyewe, na wanalisema hilo kwa fahari kidogo.

Bati, mabawa na mkia viko kwenye daftari la serikali. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, hutunza huko Oklahoma City kumbukumbu za kila ndege iliyosajiliwa nchini: nani alimuuzia nani, na benki gani inaidai. Kuiba ndege nzima na kuiuza ni kazi ngumu, kwa kuwa mnunuzi wa kwanza mwenye akili ataomba hati. Lakini boksi la kilo tatu linalochomolewa kwenye dashibodi halina hati. Thamani imehama kutoka kwenye bati kwenda kwenye elektroniki, usajili ukabaki kwenye bati. Mengine yote katika wizi huu wa vyombo vya ndege, kuanzia kufuli hafifu hadi polisi wasioelewa walichoibiwa watu, yanafuata baada ya hilo.

Wizi wenyewe si mpya. Miaka ya 1970 na 1980 kilichotafutwa kilikuwa redio za King, zile zilizounganisha mawasiliano na urambazaji katika boksi moja. Wakati huo ndege nzima nazo ziliibwa kwa ajili ya magendo ya dawa za kulevya kutoka kusini, na viwanja vidogo vya Florida na Texas vikawa na sifa mbaya. Hali ilifika mahali kampuni za bima zikaona heri kuchangia, na mwaka 1986 ikaundwa taasisi ya kufuatilia uhalifu wa aina hii, Aviation Crime Prevention Institute. Kisha mwaka 1998 Garmin ikatoa GNS 430, iliyokusanya redio, urambazaji na GPS yenye ramani ya rangi mahali pamoja. Ilifungwa kwenye ndege za kila aina, na hivyo ikawa na soko kila mahali. Waanzilishi wa Garmin, Gary Burrell na Min Kao, wote wawili walipitia King Radio, na kampuni zote mbili zilikuwa Olathe, Kansas. Mji mmoja wa nyanda za mahindi na ngano ndio uliowapa marubani wa dunia sehemu kubwa ya vyombo vyao, na wezi wao pia.

Kwa nini boksi hili linachomoka kirahisi? Kwa sababu fundi ndiye aliyetaka hivyo. Vyombo vya ndege hukaa ndani ya trei ya chuma iliyofungwa kwenye dashibodi. Nyaya na viunganishi vya antena vimekazwa nyuma ya trei, na boksi huingia na kutoka kama droo. Redio ikiharibika, fundi huitoa kwa dakika chache, huiweka nyingine ya muda na ndege ikaendelea na kazi. Bila mpangilio huo, kila hitilafu ingemaanisha kuvunja dashibodi nzima. Mwizi amerithi urahisi uliobuniwa kwa ajili ya karakana, na ndiyo maana mara nyingi dashibodi iliyoibiwa huonekana safi: mashimo mawili ya mstatili, ndani yake trei tupu na safu ya pini zinazong'aa. Ukiona hivyo jua aliyeingia anaijua kazi. Yule asiyeijua hukata nyaya kwa koleo, na huyo ndiye anayeleta hasara kubwa zaidi, maana kusuka upya nyaya za ndege huweza kula fedha nyingi kuliko boksi lenyewe.

Hasara haiishii kwenye boksi. Rubani anayetegemea vyombo ili apite mawinguni hawezi tena kuondoka siku ya mawingu. Chuo cha urubani chenye ndege tatu kikiibiwa katika mbili kinarudisha wanafunzi nyumbani. Bima ya ndege kwa kawaida hufidia vyombo vilivyofungwa, lakini foleni ya karakana hailipiwi na mtu, na baada ya kufunga vyombo vipya kuna vipimo. Transponda na mfumo wa mwinuko hupimwa kila miezi 24 kwa ndege zinazoruka kwa vyombo, na mtu akivuruga mirija au nyaya zake vipimo hivyo hurudiwa mara moja.

Marekani ina zaidi ya viwanja 5,000 vilivyo wazi kwa umma, na ni kama 500 tu vyenye safari za mashirika ya ndege. Vingine vingi havina mnara wa kuongozea ndege, havina mlinzi, na usiku havina mtu. Ndege hufungwa kwa kamba chini ya anga, kwa kuwa foleni ya kupata hanga katika maeneo mengi ni ya miaka. Kufuli za milango ya ndege ndogo ni za kuzuia upepo na watoto.

Hapa kuna jambo ambalo naona halijasemwa vya kutosha. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 usalama wa ndege ndogo ulizungumzwa kuliko wakati wowote, na hofu ilipata mfano wake upesi: tarehe 5 Januari 2002 mwanafunzi wa miaka 15 alichukua Cessna 172 ya chuo na kuigonga kwenye jengo la benki huko Tampa. Mwaka huohuo chama cha wamiliki na marubani, AOPA, kilianzisha pamoja na serikali mpango wa kuwafanya watu wa viwanjani kuwa macho, na mwaka 2004 mamlaka ya usalama wa usafiri, TSA, ikatoa mwongozo kwa viwanja vidogo. Fedha na mawazo vilielekezwa kwenye kuzuia ndege isiondoke: mnyororo wa panga boi, kufuli ya usukani, kufuli ya wenzo wa mafuta. Vyote ni vizuri. Lakini mwizi wa redio hana haja ya ndege iondoke. Anapenda ndege iliyotulia. Serikali iliogopa kitakachofanywa na ndege ikiwa mikononi mwa mtu mbaya, ikakipuuza kinachotolewa ndani yake.

Ulaya mambo yamekuwa hayohayo kwa sura nyingine. Vilabu vya marubani vya Ujerumani, Ufaransa na Uingereza, vyenye viwanja vya nyasi pembezoni mwa vijiji, vimewahi kuamka asubuhi na kukuta ndege kadhaa zimetobolewa usiku mmoja, na mipaka ya bara hilo ilivyo wazi, boksi lililotoka hanga la Bavaria huweza kuwa nchi ya tatu kabla ya polisi kumaliza kuandika maelezo.

Sasa twende sokoni. Mkazi wa Nairobi au Dar es Salaam anajua kioo cha pembeni cha gari kilichong'olewa kwenye foleni hufika wapi, na wengi wamechora namba za magari yao kwenye vioo na taa ili visiuzike. Soko la spea za ndege halifanani na hilo. Halina uchochoro. Ni la heshima, lina minada ya mtandaoni, lina karakana zenye leseni na madalali waliobobea, na sehemu kubwa mno ya mali yake ni halali. Tangu Januari 2020, ndege inayoruka katika anga yenye shughuli nyingi Marekani ni lazima itangaze mahali ilipo kwa mfumo wa ADS-B. Sharti hilo liliwasukuma maelfu ya wamiliki kubadilisha vyombo, na wengi walipokuwa wameshafungua dashibodi walibadilisha kila kitu. GNS 430 zilizotoka zikaingia sokoni kama mtumba. Kiwanda kimeacha kuzitengeneza zaidi ya miaka kumi sasa, lakini zinafanya kazi, na mwenye ndege asiye na fedha za mpya atalipa dola elfu kadhaa kwa iliyotumika.

Katika mto huo wa mali halali, boksi la wizi halionekani. Tangazo lake ni lilelile: limetolewa likifanya kazi, linauzwa lilivyo. Muuzaji wa kweli hana risiti ya mwaka 1999 iliyotolewa kwa mmiliki wa tatu kabla yake, na hakuna anayemwomba. Kwa hiyo mwizi naye haombwi.

Lakini usafiri wa anga si ndio unaosifika kwa makaratasi? Ndiyo, tena makaratasi mengi. Kipuri kilichopita kwenye karakana yenye idhini hutoka na Fomu 8130-3 ya FAA, au Fomu 1 ya EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya. Tazama fomu ya Kimarekani kwa karibu: kisanduku cha 7 ni jina la kipuri, cha 8 namba ya aina yake, cha 10 namba yake ya kipekee ya kiwandani, cha 11 kazi iliyofanywa, na kisanduku cha 14 ni sahihi ya anayethibitisha kwamba kipuri kinafaa kurudi kazini. Hakuna kisanduku kinachouliza ni cha nani. Karakana inaweza kulipokea boksi la wizi, kulipima kwa uaminifu, kuliona zima na kulipa karatasi ya kweli isiyo na uongo hata mstari mmoja. Likitoka hapo limetakasika.

Kuna kichekesho kingine. Kila ndege ina orodha ya vifaa vilivyofungwa, inayotumika kukokotoa uzito na uwiano. Orodha hiyo itakuambia redio ina uzito gani na imekaa umbali gani kutoka alama ya kupimia. Namba yake ya kiwandani mara nyingi haimo. Kibandiko chenye namba hiyo kiko kwenye boksi lenyewe, ndani ya trei, mahali ambapo mmiliki hajawahi kupaona. Siku boksi linapoondoka, namba inaondoka nalo. Askari wa wilaya anapouliza namba, mmiliki anaanza kutafuta ankara ya fundi aliyefunga chombo hicho miaka minane iliyopita. Asipoipata, ripoti inaandikwa "redio ya ndege, moja", na ripoti ya namna hiyo haimkamati mtu.

Sitaki kuwaonea FAA. Makaratasi yao yalielekea usalama kwa sababu vifo vilitoka upande huo. Tarehe 8 Septemba 1989 ndege ya kukodi ya Norway, Convair 580 ya Partnair, ilisambaratika karibu na pwani ya Denmark na watu wote 55 wakafa. Uchunguzi ulikuta kwenye mkia bolti bandia zisizo na nguvu iliyotakiwa. Mwaka 2023 ikagundulika kwamba kampuni ya London iitwayo AOG Technics ilikuwa imesambaza vipuri vya injini za CFM56 vyenye nyaraka za kughushi, na mashirika makubwa ya ndege yakalazimika kuvitafuta na kuviondoa. Ukikabiliwa na mambo hayo, swali la kwanza lazima liwe kama kipuri ni salama. Nisichokubali ni kwamba swali la pili lisiulizwe kabisa. Namba ya kiwandani tayari iko kwenye kisanduku cha 10. Kuilinganisha na orodha ya vilivyoibwa kabla ya kutia sahihi ni kazi ya dakika moja.

Sheria, kwa upande wake, ni kali kuliko watu wanavyodhani. Marekani, kuvusha mpaka wa jimbo mali ya wizi yenye thamani ya dola 5,000 au zaidi ni kosa la shirikisho, na skrini moja ya kisasa inavuka kiwango hicho mara tatu. Kwa mnunuzi, nchi zinazofuata mkondo wa sheria ya Kiingereza, Kenya na Tanzania zikiwamo, zina kanuni ya zamani kwamba mtu hawezi kutoa haki asiyokuwa nayo. Ukinunua cha wizi kwa nia njema, mwenyewe akijitokeza unakirudisha na kubaki na madai yako dhidi ya aliyekuuzia. Ufaransa imeweka mizani tofauti. Sheria yake ya madai humpa aliyeibiwa miaka mitatu kudai mali yake, na kama mnunuzi aliipata kwa mfanyabiashara wa bidhaa za namna hiyo, mwenyewe lazima amrudishie bei aliyolipa. Kwa boksi lililopitia karakana, tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani alale na hasara. Wanaotaja Mkataba wa Cape Town wa 2001, wenye rejista ya kimataifa ya haki juu ya ndege na injini, wausome tena: unahusu ndege za kubeba watu wanane au zaidi pamoja na wafanyakazi wake, na injini kubwa. Cessna 172 haimo, sembuse redio yake.

Je, teknolojia haiwezi kumaliza kesi? Simu za mkononi zimejaribu. California ilipitisha mwaka 2014 sheria iliyotaka kila simu mpya kuanzia Julai 2015 iwe na uwezo wa kuzimwa na mwenyewe akiwa mbali, na simu ya wizi ikapoteza thamani. Wakulima wa Uingereza nao wamepitia balaa hilihili: vipokezi vya GPS vya matrekta yao viliibwa kwa wingi hata bima ya NFU Mutual ikakadiria hasara ya mwaka 2023 kuwa pauni milioni 4.2, na baadhi ya vipokezi vipya sasa vinafungwa kwa PIN. Trekta likigoma husimama shambani. Ndege ikigoma iko juu, pengine ndani ya wingu, pengine na mnunuzi asiyejua kwamba alichonunua ni cha wizi. Hakuna mhandisi mwenye akili timamu atakayeweka ndani ya chombo cha urambazaji amri ya kukizima kutoka mbali, wala mamlaka itakayoidhinisha. Kufunga wakati wa kuwasha, ndege ikiwa chini, ni jambo linalojadilika: boksi litambue ndege liliyoizoea, na likijikuta kwenye ndege ngeni liombe idhini ya fundi. Mifumo mikubwa kama G1000 ya Garmin, iliyoanza kuonekana kwenye Cessna na Diamond mwaka 2004, inakaribia hapo kwa kuwa vipande vyake vimefungamana na ndege husika na haviuziki ovyo kimojakimoja. Boksi linalojitegemea halijafika huko, na sioni mtengenezaji akilikimbilia, kwa sababu kila kufuli ni simu nyingine ya malalamiko kutoka kwa fundi aliyekwama.

Kuna kamba nyingine ambayo tayari ipo shingoni mwa boksi. Data za urambazaji, yaani viwanja, masafa ya redio na njia za kutua, hubadilika kila siku 28 kwa ratiba ya dunia nzima, na rubani anayeruka kwa vyombo lazima azihuishe. Kwa vyombo vya kizazi cha GTN na G1000 leseni ya data hufungwa na utambulisho wa mfumo husika. Kwa maneno mengine, boksi la wizi likitumiwa kama lilivyokusudiwa hujitambulisha kwa kampuni kila mwezi. Likipelekwa kiwandani kutengenezwa hujitambulisha tena. Aliyeibiwa akitoa taarifa kwa mtengenezaji na namba akiwa nayo, uwezekano wa kulipata boksi si mdogo. Tatizo ni mnunuzi asiyehitaji data mpya: anayeruka mchana tu kwa kuangalia ardhi, anayefuata ramani ya tableti, au aliye mahali ambapo hakuna anayekagua. Boksi la wizi huishia kwa watu hao, na kadiri linavyokwenda mbali na Kansas ndivyo kamba inavyolegea.

Hapo ndipo suala linapotugusa. Cessna nyingi zinazofanya kazi kutoka viwanja vya Wilson, Nairobi, na Arusha zilizaliwa Marekani, na spea zake hutafutwa kulekule, nyingi zikiwa za mtumba. Hakuna aibu katika hilo. Ndege ya miaka 45 haiwezi kuishi kwa vipuri vipya tu. Mamlaka zetu, kama za wenzao, zitataka cheti cha kuonyesha kwamba kipuri kinafaa kuruka, na kikiwepo fundi ana haki ya kukifunga. Mnunuzi mwangalifu anaweza kwenda mbele kidogo. Aombe picha ya kibandiko chenye namba ya kiwandani kabla ya kulipa, na nakala ya ukurasa wa kitabu cha matengenezo unaoonyesha boksi lilitolewa kwenye ndege gani, lini, na fundi gani alitia sahihi. Chombo kilichotolewa kwa halali kina ukurasa huo, kwa kuwa kukitoa ni kazi inayoandikwa. Muuzaji wa kweli atautuma siku hiyohiyo, labda akinung'unika kidogo. Bei iliyo nusu ya soko na muuzaji anayedai ndege ilishavunjwa na vitabu vimepotea ni habari kamili.

Marekani wenyewe wamekaza upande mmoja. Tangu Juni 2023 sheria iitwayo INFORM Consumers Act inazitaka tovuti za biashara zithibitishe utambulisho wa muuzaji wa bidhaa mpya au zisizotumika mwenye mauzo 200 na dola 5,000 kwa mwaka. Isome tena: mpya au zisizotumika, tena mauzo 200. Mwizi wa vyombo vya ndege huuza vilivyotumika, na maboksi matatu yanamtosha mwaka mzima. Namba za mali iliyoibwa zinaingizwa na polisi kwenye kanzidata ya FBI iitwayo NCIC, inayofanya kazi tangu 1967, na boksi likiwa humo askari yeyote wa Marekani atalitambua kwa sekunde. Ila kanzidata hiyo ni ya vyombo vya dola peke yake. Karakana yenye leseni ya FAA haina ruhusa ya kuifungua, dalali hana, na mnunuzi wa Arusha mwenye picha ya kibandiko mkononi hana.